Triptasi ya seli masti: maswali tunayoulizwa kila siku maabarani Mwanza

Haya majibu, kuhusu triptasi rekombinanti tunayoinunua kwa kichupa, yalianza kama karatasi niliyoibandika kwenye mlango wa friza yetu. Kila mwanafunzi mpya alikuwa akiuliza yaleyale, na mimi nikawa najibu yaleyale huku mkono mmoja umeshika pipeti. Karatasi ikajaa, tukaongeza ya pili, ya tatu ikaanguka na kuloana. Nikaona afadhali niyaandike vizuri mahali pamoja.

Triptasi ni nini hasa?

Ni kimeng'enya kinachokata protini, na kinapatikana kwa wingi ndani ya seli masti, zile seli za kinga zinazokaa kwenye ngozi, mapafu, utumbo na kandokando ya mishipa ya damu. Seli masti imejaa vifuko vidogo vyenye histamini, heparini na vimeng'enya. Mtu mwenye mzio akikutana na kitu kinachomdhuru, kingamwili za IgE zilizoshikilia juu ya seli hiyo zinavutwa pamoja, na vifuko vinafyatuka. Histamini ndiyo inayosikika zaidi kwa sababu ndiyo inayowasha na kuvimbisha, lakini haidumu kwenye damu, ndani ya dakika chache imeshapotea. Triptasi hubaki kwa saa kadhaa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama seli masti ndizo zilizofanya fujo anaitafuta triptasi.

Lawrence Schwartz na wenzake waliichuja kutoka mapafu ya binadamu mwaka 1981, na mwaka 1987 wakaonyesha kwamba kiwango chake kwenye damu hupanda mtu anapopata mshtuko wa mzio.

Mbona mahali pengine wameandika "seli mlingoti"?

Hiyo ni kazi ya kompyuta inayotafsiri bila kuuliza: kwa Kiingereza "mast" ni mlingoti pia. Mlingoti uko kwenye mtumbwi wa tanga pale Kirumba, haumo kwenye ngozi ya mtu. Paul Ehrlich ndiye aliyezipa seli hizi jina mwaka 1878, akiwa bado mwanafunzi Ujerumani, na kwa Kijerumani neno alilotumia linahusu kunenepesha mifugo. Alidhani zile punje zilizojaa ndani ni chakula, yaani seli imeshiba. Alikosea kuhusu chakula, jina likabaki. Mimi naandika "seli masti" na naendelea na kazi.

Na "rekombinanti" maana yake nini?

Kwamba hakikutoka mwilini mwa mtu. Jeni ya binadamu inayobeba maelekezo ya triptasi ya beta inapandikizwa kwenye kiumbe kingine, na kiumbe hicho ndicho kinachotengeneza protini. Mara nyingi ni hamira, si ile ya maandazi bali aina iitwayo Pichia pastoris, ambayo huitoa protini nje ya seli zake na hivyo kurahisisha kuisafisha. Wengine hutumia seli za wadudu.

Zamani ilibidi kupata kipande cha pafu au ngozi ya binadamu, uisage, uichuje kwa siku kadhaa, na bado uwe na wasiwasi wa virusi vilivyokuwa kwenye tishu hiyo. Tena kila pafu na tabia yake: watu hutofautiana katika idadi ya nakala za jeni za triptasi ya alfa na ya beta. Ya hamira ni aina moja, inayojulikana, na kundi la leo linafanana na la mwaka jana.

Tofauti moja ya kukumbuka ni kwamba hamira huipamba protini kwa sukari za namna yake, tofauti na za binadamu. Kwa kazi ya kukata haisumbui sana. Ukiitumia kama kipimo rejea kwenye mtihani unaotegemea kingamwili, hakikisha kwanza kwamba kingamwili zako zinaitambua sawasawa na ile ya asili.

Kwa nini kila mtu anasisitiza heparini?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, kwa hiyo vumilia kidogo.

Fikiria nyumba nne zilizojengwa kuzunguka ua mmoja, milango yote ikitazama uani, hata mmoja hautazami barabarani. Triptasi iko hivyo. Ni vipande vinne vya protini vilivyoungana, jumla ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 134 hivi, na sehemu inayokata ya kila kipande imegeukia ndani. Umbo hilo lilionekana wazi mwaka 1998 wanasayansi walipoichunguza ikiwa fuwele. Ua wenyewe ni finyu, kama nanometa 5 kwa 3. Mgeni mwembamba anapita, mnene anaishia nje.

Kinachozishikilia nyumba hizo pamoja ni heparini, mnyororo mrefu wa sukari wenye chaji hasi nyingi, unaolala juu ya sehemu za protini zenye chaji chanya na kuzifunga kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Ndani ya seli masti heparini ipo tele. Ndani ya kirija chako ipo ile tu uliyoiweka. Ukiizimua triptasi kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) yenye chumvi ya kiwango cha mwili, bila heparini, kwenye nyuzi 37, vipande vinaanza kuachana ndani ya dakika chache, na kikishaachana kila kimoja sehemu yake ya kukata inaharibika umbo. Kuanzia hapo una protini, huna kimeng'enya. Na jeli ya kutenganishia protini haitakuambia: mstari utauona palepale unapotakiwa kuwa, mzuri, safi, wa kupiga picha.

Mwanafunzi wetu mmoja aliizimua kwenye bafa ya fosfeti saa sita mchana, akaacha kirija mezani akaenda kula ugali na sato. Aliporudi akaweka kwenye sahani ya vishimo 96, akasubiri. Vishimo vyote vyeupe kama maji ya mvua. Nusu saa, vyeupe. Tukaanza kuandika barua ya malalamiko kwa muuzaji, na tulikuwa tumefika katikati, tukitumia maneno mazito, nilipomuuliza bafa ina nini. Tukarudia na heparini ya mikrogramu 50 kwa kila mililita. Dakika tano, njano. Barua hatukuimalizia.

Chumvi nyingi sana, kama moli 2 kwa lita, nayo inaweza kuvishikilia vipande hivyo bila heparini, lakini huwezi kuweka seli hai kwenye chumvi hiyo.

Heparini hiyo inatoka kwa mnyama gani?

Nyingi sokoni inatoka kwenye utumbo wa nguruwe. Naulizwa na wanafunzi Waislamu na ni swali la haki. Maabarani tunaishika kwa glovu, hailiwi, haidungwi mtu. Kama moyo wako haujatulia, ongea na msimamizi wako kabla ya kazi kuanza, na ya hukumu muulize shehe wako. Chumvi nyingi inaweza kukutosha kama kazi yako haina seli.

Nitajuaje kwamba kilichomo kwenye kichupa bado kinafanya kazi?

Kipe chambo. Triptasi hukata baada ya asidi amino mbili, laisini na arijinini. Kwa hiyo tunatumia kipande kifupi chenye laisini mwishoni, kilichofungiwa paranitroanilini, ile inayoandikwa pNA. Ikiwa imefungwa haina rangi ya kuonekana. Ikikatwa na kuachiwa inakuwa ya njano, na mashine inaisoma kwenye nanometa 405. Hakuna ufundi mgumu hapo: njano ikipanda haraka kimeng'enya ni kizima, isipopanda kimekufa.

Ugumu uko kwenye hesabu, na kosa ni lilelile kila mwaka. Watu wanachukulia kwamba mwanga umepita sentimita moja ya maji. Kwenye sahani yenye vishimo 96, mikrolita 200 zina kina cha sentimita 0.56 hivi, kutegemea sahani. Tuseme rangi inapanda kwa 0.05 kila dakika, na kizidishi cha pNA (rangi inayotolewa na moli moja kwa lita kwenye sentimita moja) tukichukulia 10,000. Gawanya 0.05 kwa 10,000 mara 0.56, unapata kama mikromoli 8.9 kwa lita kwa dakika. Zidisha kwa ujazo wa lita 0.0002, zinabaki nanomoli 1.8 kwa dakika. Ukisahau kina, utaandika nanomoli 1, na kimeng'enya chako kizima kitaonekana kimechoka karibu nusu.

Soma mwanzoni mwa mchoro, ule mstari ulionyooka. Ukipinda, chambo kinaisha au kimeng'enya kinakufa, na hesabu yako haina maana tena.

Yuniti za kichupa changu hazilingani na za rafiki yangu.

Hazitalingana. Kila mtengenezaji ana tafsiri yake ya yuniti, kwa chambo chake, joto lake na pH yake. Linganisha kwa kupima zote mbili siku moja, sahani moja.

Nachunguza mzio wa samaki. Triptasi hii itanisaidia nini?

Hapa kwetu swali hili ni la kila siku. Kuna viwanda vya minofu ya sangara, kuna akina mama wanaoanika dagaa kutwa nzima, na duniani inajulikana kwamba wanaochakata samaki wanaweza kupata pumu na mzio kwa kuvuta hewa yenye chembechembe za samaki hao. Protini inayosumbua watu wengi kwenye samaki inaitwa pavalbumini, na kuchemsha hakuimalizi, ndiyo maana mtu anaweza kudhurika hata na mchuzi.

Jaribio la kawaida ni hili: unachukua seli masti zilizokuzwa maabarani, unazipaka IgE ya mtu mwenye mzio, unaziwekea dondoo ya samaki, kisha unaangalia kama zimefyatuka kwa kupima triptasi iliyomwagika nje. Triptasi rekombinanti inaingia kama kipimo rejea. Unajua umeweka kiasi gani, rangi imepanda kiasi gani, na kwa mstari huo unakadiria zilichotoa seli.

Sasa mtego. Dagaa husagwa mzima, na matumbo yake. Ndani ya utumbo wa samaki kuna tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enya chakula, ambacho nacho hukata baada ya laisini na arijinini. Chambo chetu hakichagui. Utaona vishimo vimekuwa vya njano kama mchuzi wa bizari, utafurahi, utamwita msimamizi, kumbe seli hazikufyatua chochote: ni tumbo la dagaa ndilo linalokula chambo. Tulishawahi kufurahi hivyo wiki nzima.

Kinachotuokoa ni ule ua. Kuna kizuizi cha tripsini kinachotoka kwenye soya. Ni protini nene, inaingia mdomoni mwa tripsini na kuuziba kabisa. Kwenye triptasi haipiti getini, kwa hiyo haifanyi kitu. Gawa sampuli mara mbili, moja weka kizuizi cha soya, nyingine usiweke. Njano ikitoweka, ilikuwa tripsini. Ikibaki, endelea kuifikiria triptasi. Kisha weka kundi lenye dondoo peke yake bila seli hata moja, maana hilo ndilo shahidi mkuu. Na kichupa cha triptasi safi kiwe pembeni kuonyesha kwamba kizuizi cha soya kweli hakikuigusa siku hiyo.

Ua huo ndio sababu vizuizi vya asili vya damu, kama alfa-1-antitripsini, navyo havimudu triptasi. Ukitaka kuizima kweli, tumia molekuli ndogo zinazopita: leupeptini au nafamostati. Au ivue kamba: protamini huinyang'anya heparini na vipande vinaachana. Protamini yenyewe asili yake ni mbegu za kiume za samaki aina ya samoni, kwa hiyo usiitumie kizembe kwenye jaribio la mzio wa samaki.

Kaimasi ni kitu kilekile?

Hapana. Kaimasi ni kimeng'enya kingine cha seli masti, kipande kimoja tu, hukata baada ya fenilalanini na tirosini, na kina uwezo wa kugeuza anjiotensini (homoni ya shinikizo la damu) ya kwanza kuwa ya pili. Seli masti nyingi za ngozi zina vyote viwili. Zile za mapafu na za utando wa utumbo nyingi zina triptasi pekee. Chambo cha kimoja hakiliwi na kingine, kwa hiyo kabla ya kuagiza soma jina mara mbili.

Hapa tuna minyoo na kichocho kuliko mzio. Kuna uhusiano?

Upo, na kwa maoni yangu ndipo utafiti wa kanda hii una cha kusema kuliko maabara nyingi za Ulaya. IgE na seli masti hazikuwekwa mwilini kwa ajili ya kutusumbua na karanga. Minyoo hupandisha IgE sana. Kwa panya imeonyeshwa kwamba wakikosa kaimasi ya utumbo iitwayo mMCP-1, wanachelewa kuwatoa minyoo aina ya Trichinella. Mwaka 2006 utafiti mwingine wa panya ulionyesha kwamba seli masti husaidia kustahimili sumu ya nyoka na ya nyuki, kwa sababu zina kimeng'enya kinachoivunja sumu.

Kwa anayefanya kazi kando ya ziwa, jambo la vitendo ni hili: mtu mwenye IgE nyingi si lazima awe na mzio. Ukichukua damu Igombe au Ukerewe, pima kichocho na minyoo pia, la sivyo utashindwa kutafsiri chochote. Na damu ya mtu haichukuliwi bila kibali cha maadili, hata kama ni mjomba wako na amekubali.

Nikiiweka juu ya seli, nidhibiti nini?

Makundi matatu, usipunguze. La kwanza bafa pamoja na heparini bila triptasi, kwa sababu heparini peke yake inaweza kubadilisha tabia ya seli, na ikibaki kwenye sampuli huvuruga PCR, ile njia ya kunakili DNA. La pili triptasi iliyozimwa. La tatu triptasi hai. Triptasi inajulikana kuamsha PAR2, kipokezi kilicho juu ya seli, kwa kukikata ncha. Ukiona majibu yaleyale kwenye kundi la pili, kilichokujibu si ukataji, ni uchafu fulani.

Hospitali wanapima triptasi ya damu. Naweza kutumia kichupa hiki kumpima mgonjwa?

Huwezi. Kichupa ni cha utafiti. Kipimo cha hospitali kina vifaa vyake vilivyothibitishwa, na kinahesabu triptasi yote, pamoja na ile changa ambayo seli hutoa kila siku bila kufyatuka.

Ila inafaa ujue jinsi majibu yanavyosomwa, kwa sababu hata wahudumu hukosea. Kiwango cha kawaida kwa kipimo kinachotumika sana huishia nanogramu 11.4 kwa mililita. Baada ya mshtuko, kiwango hufikia kilele ndani ya saa moja au mbili, kisha hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Kwa hiyo andika saa ya kuchukua damu. Sampuli ya pili huchukuliwa baada ya siku moja au zaidi, mtu akiwa ametulia. Hesabu ni hii: zidisha kiwango cha utulivu kwa 1.2, ongeza 2; cha wakati wa mshtuko kikifika hapo, seli masti zimefyatuka. Mwenye 5 akiwa ametulia anahitaji 8 tu. Akija na 9 wakati wa mshtuko, karatasi itasema "kawaida", na seli masti zake zimefyatuka. Mshtuko unaotokana na chakula, hasa kwa watoto, unaweza usiipandishe kabisa.

Wapo pia wenye kiwango cha juu maisha yao yote kwa kurithi nakala za ziada za jeni ya triptasi ya alfa. Hilo lilielezwa mwaka 2016.

Mwanangu anavimba midomo akila samaki. Mna dawa?

Hatuna, mama, na usimsubirishe kwa ajili yetu. Akivimba na kushindwa kupumua, au akilegea, ni hospitali muda huohuo, na dawa ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja. Vidonge vya aleji havitoshi kwa hali hiyo.

Nihifadhi vipi, na umeme wetu ndio huu?

Kwenye nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri, ndani ya bafa iliyokuja nayo, ambayo huwa na asidi kidogo na heparini au chumvi nyingi. Siku kinapofika, kiyeyushe juu ya barafu mara moja tu, kigawe kwenye virija vidogo vya matumizi ya siku moja, kisha vyote virudi frizani. Usirudishe kilichoyeyuka. Andika tarehe kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti, maana siku moja mtu atapangusa.

Sisi tulipoteza kichupa kizima mwisho wa juma mmoja. Umeme ulikatika Ijumaa usiku, jenereta haikuitika, na Jumatatu asubuhi friza ilikuwa baridi kabisa, imeshaganda tena, kila kitu mahali pake. Tulifanya kazi wiki tatu na majibu yanayoshuka kidogo kidogo kabla ya kushtuka. Tangu siku hiyo tunaganda maji kwenye kirija kilichosimama, tunaweka sarafu juu ya barafu, tunakiacha ndani ya friza. Asubuhi sarafu ikiwa juu, hakuna kilichoyeyuka. Ikiwa imezama chini, tunajua.

Mzigo umefika kutoka Dar na barafu kavu imekwisha. Nikitupe?

Usitupe bado, na usitie sahihi ya kupokea bila kuandika hali uliyoikuta. Pima joto la ndani ya boksi, piga picha. Kama bado kina ubaridi wa kuuma vidole, kiweke juu ya barafu, kigawe, kipime kwa chambo leo leo kabla hakijaenda frizani. Namba utakayoipata, iandike kwenye kila kirija.